Kilomita Kumi na Mbili Kupita Mafinga

RISALA YA KLABU YA JOGGING TUSILALE, MTAA WA IGANZO, JIJI LA MBEYA, KWA MGENI RASMI BI. JACKLINE KALINGA, SIKU YA KUKABIDHIWA MASHINE YA KUKIMBILIA. MSOMAJI: KATIBU, SEKELA.

Mgeni rasmi, Bi. Jackline Kalinga, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, mchungaji na katekista, majirani wote mliokuja kwa mapenzi na mliokuja kwa pilau: itifaki imezingatiwa. Aliyesahauliwa ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. Tumeambiwa shughuli ni saa tatu, sasa ni saa saba kasoro robo, na mtu aliyekaa juani muda wote huo hana tena nguvu ya kutaja vyeo.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Iganzo. Tungekuonyesha mazingira, lakini unayajua. Hapo ulipotandikiwa kapeti ndipo ulipoanguka ukiwa darasa la pili ukang'oka jino, na Bupe huyu mwenye gauni la kijani ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka kwenu, damu ikimchuruzika shingoni. Jino lilizikwa nyuma ya choo cha shule. Kwa hiyo karibu sana, wewe si mgeni wa kuanza kuulizia choo kiko wapi.

Tunakushukuru kwa hotuba utakayoitoa baada ya risala hii. Tayari tumeshaisoma, kwa sababu uliituma jana kwenye kundi letu la WhatsApp, kurasa kumi na moja pamoja na picha zako ukinyoosha misuli kwenye nyasi. Inaitwa "Mwanamke Jitambue: Mazoezi ni Maisha". Tumejifunza mengi. Tumejifunza kwamba binadamu anashauriwa atembee hatua elfu kumi kwa siku. Mwenyekiti wetu, Damari, anayepanda na kushuka mlima huu na viazi kichwani tangu wewe hujazaliwa, alipofika hapo aliweka simu chini akauliza, "Kwa hiyo mimi siku zote hizo nilikuwa nafanya mazoezi? Loo! Na mimi nilidhani ni umaskini."

Tunamkaribisha pia mama yako, Mwalimu Paskalina, aliyeketi kuliani kwako na miwani myeusi uliyomvalisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mwenyeji mwenyewe ndiye amewekwa kwenye kiti cha wageni, na kupona bado hajapona. Tutaeleza.

HISTORIA

Klabu hii haikuanzishwa na mradi, wala na mfadhili. Ilianzishwa na sukari.

Miaka kumi na miwili iliyopita Mwalimu Paskalina, mzaliwa wa Iringa upande wa Kalenga, aliyeletwa Mbeya na ndoa akabakishwa na kazi, alipimwa akakutwa na kisukari. Alikuwa akifundisha shule hii hii ambayo uwanja wake tumeuazima, na mchakamchaka wa asubuhi ulikuwa wake. Daktari alimwambia maneno mawili: kimbia, au tutakukata mguu. Mwalimu hakulia. Alikwenda Mwanjelwa akanunua raba nyeupe za mtumba, namba arobaini, akatoa filimbi yake ya kazini, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akatoka mlangoni akikimbia na kuimba.

Kuimba ndiko kulikozua mambo. Mtu aliyefundisha mchakamchaka miaka thelathini hajui kukimbia kimya. Akapita barabara nzima akipaza sauti, "Tusilale!" na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alijijibu mwenyewe, "Kumekucha!" Majirani walisema mwalimu amechanganyikiwa, maskini, sukari imepanda kichwani. Siku ya pili Damari alitoka mbio na khanga ya kulalia kwenda kumnyamazisha, maana mumewe alikuwa ametoka lindo na anataka usingizi. Alimfuata akimgombeza. Walipofika kwenye kona ya kanisa Damari alikuwa anaitikia. Mwezi haujaisha, tulikuwa kumi na mmoja.

Hatukuwa na fomu. Hatukuwa na kiingilio. Katiba yetu ina ibara moja, na Mwalimu ndiye aliyeitunga siku mama mmoja mpita njia alipouliza anajiungaje. Alimwambia, "Ukisikia wimbo, ingia mkiani. Tukifika njiapanda umeshakuwa mwanachama." Mgeni rasmi, tafadhali ishike ibara hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomponza Mwalimu huko ulikompeleka.

Mwalimu alikimbia nasi miaka tisa. Sukari ilishuka, ikatulia, daktari akamsifu mbele za watu. Mguu haukukatwa. Kisha, miaka mitatu iliyopita, ukaja wewe kutoka Ujerumani ukatutangazia kwamba unamchukua mama akapumzike. Ndilo neno ulilotumia. Akapumzike, na watoto wako wawili, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa miezi mitano. Sisi wenye kuzaa tuliangaliana tu, maana mtoto akiita mama yake hakuna jirani mwenye haki ya kuweka pingamizi.

Siku ya kufunga mizigo tulikuwepo. Mwalimu alitia raba zake kwenye sanduku, ukazitoa ili unga wa ulezi uenee. Ulisema, "Mama, huko raba zimejaa." Bupe akaziokota. Na kule uwanja wa ndege wa Songwe, Mwalimu alivua filimbi shingoni akamvisha Damari. Hakumwambia "chukua". Alimwambia, "Nishikie." Anayejua Kiswahili anajua tofauti.

MAFANIKIO

Kwa kawaida hapa tungetaja mafanikio ya klabu. Tunayo mawili: hatujafa, na bado tunakimbia. Basi nafasi iliyobaki tunaitumia kueleza mafanikio ya mwanachama wetu namba moja akiwa ughaibuni, kwa sababu tuna wasiwasi kwamba mwanawe hajawahi kusimuliwa. Sisi tumesimuliwa. Mwalimu alikuwa anatutumia sauti kwenye simu ya Damari, nasi tulizisikiliza pamoja kwenye kibanda cha viazi, mara nyingine wateja wakisubiri.

Wiki ya kwanza, Mwalimu aliamka Jumapili akavaa viatu vya ndani, akashuka ngazi za ghorofa akaanza kuzunguka majengo. "Tusilale!" akaita. Kimya. Akadhani hawajasikia, akaongeza sauti. Akajibiwa na mbwa. Mzunguko wa pili dirisha moja likafunguliwa, akafurahi, akapunga mkono. Kumbe mwenye dirisha alikuwa anatazama saa. Jumatano ikaja barua ya malalamiko ya kurasa mbili kwa mwenye nyumba, haina jina. Mwalimu alishangaa kuliko alivyoumia. Alisema, "Damari, wewe ulinifuata na khanga ukanitukana hadharani, nikakujua. Hawa wananiandikia barua. Nitamjuaje aliyeniandikia, nimsalimie?"

Ukamwambia, mgeni rasmi, akimbie kimya. Akajaribu. Akafika kwenye mti wa tatu, akageuka, akatembea kurudi. "Kukimbia bila wimbo," alitueleza, "naona kama nakimbizwa."

Ndipo akaanza kutafuta klabu. Kwanza aliingia jumba la mazoezi lenye vioo kila upande. Kwa adabu ya mtu aliyelelewa Kalenga, akaanza kuamkia kwa Kihehe kuanzia mlangoni, kamwene, kamwene, mmoja mmoja. Wote walikuwa wameziba masikio kwa vidude. Aliitikiwa na mmoja tu, naye alikuwa anapiga deki. Mwalimu alisema hajawahi kuona watu wengi namna ile wakitokwa jasho bila kujuana.

Akaelekezwa kwenye klabu ya wazee, inayokutana ukumbi wa kanisa. Hapo angalau walimpa kiti. Wakampa na fomu ya kurasa nne, wakataka barua ya daktari, kisha wakamwandika kwenye orodha asubiri miezi minane. Akauliza kupitia binti mmoja wa pale aliyekuwa akimtafsiria: nafasi hupatikanaje? Akajibiwa, mpaka mwanachama mmoja aondoke. Mwalimu akawatazama wale wazee, mmoja ana themanini, mwenzake tisini, akaelewa kuondoka kunakosemwa ni kupi. Akatoka zake kwa aibu, kama mtu aliyekutwa anavizia msiba.

Sasa sikiliza mafanikio yenyewe. Jumamosi moja ya mwezi wa tano, wewe uko kazini, Mwalimu alikuwa bustanini anamsukuma mdogo kwenye kigari, na mkubwa amekalishwa kwenye kile kiti cha mbele. Mara akasikia ngoma. Akageuka: watu mia na zaidi, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, wanakuja wanakimbia, na pembeni kuna wapiga ngoma wanawachangamsha. Moyo ulimruka. Miezi saba alikuwa hajaona watu wakikimbia pamoja. Sasa mtu wa Iganzo akisikia wimbo anafanyaje? Aliingia mkiani.

Aliingia na kitenge chake, viatu vya ndani na kigari cha watoto wawili. Mwanzo alikuwa wa mwisho. Kwenye mteremko kigari kikamsaidia. Akaita, "Tusilale!" Watu wakageuka. Akaita tena, akajijibu mwenyewe, "Kumekucha!" Mara ya tatu mzee mmoja mwenye kipara, asiyejua hata anachosema, akajibu kwa kufananisha sauti, "Kumekucha!" Wakacheka, wakaitikia wengine. Mwalimu alituambia machozi yalimtoka mbio zikiendelea, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kwenye kigari. Alivuka utepe akiwa mbele ya watu arobaini. Akapewa maji na ndizi, akala, akawagawia wajukuu.

Ndipo wakamuuliza namba yake iko wapi. Hakuwa na namba. Yalikuwa mashindano, watu walijiandikisha tangu kabla ya Krismasi. Kwetu hakuna mbio zinazoendeshwa na watu wenye miguu ambazo mwenye miguu mingine anakatazwa. Kosa lile asingelifanya Mjerumani hata alewe. Picha yake na kigari ikatoka kwenye gazeti la mji.

Mgeni rasmi, ulipoletewa lile gazeti kazini ulidhani wanamcheka. Labda wapo waliocheka. Lakini siku nne baadaye kengele ya mlango wako ililia, na aliyesimama nje alikuwa yule mwenye kipara. Kumbe ndiye kiongozi wa klabu ya mbio ya mtaa ule. Alikuja na fomu mkononi, imeshajazwa yote, imebaki saini. Walitaka Mwalimu aje kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, akimbie nao, na awafundishe ule wimbo. Kiingilio walisema hawataki.

Aliyefungua mlango ni wewe. Ulimwambia mama hajisikii vizuri.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, mwiko mkononi, mzima wa afya. Kijerumani chake kilikuwa cha maneno ishirini hivi, na "mgonjwa" na "hapana" yalikuwemo. Aliona kwenye upenyo fomu ikirudi mfukoni kwa yule mzee. Hakutoka. Alituambia, "Ningetoka ningemfanya mwanangu mwongo mbele ya mgeni." Kisha mlango ulipofungwa ukamwambia, "Mama, umeniaibisha vya kutosha. Na hiyo Jumanne na Alhamisi saa nne, watoto anabaki nao nani?"

Hapo ndipo na sisi tulipoelewa aibu ilikuwa ya nini hasa. Sauti hiyo tuliisikiliza mara mbili kwenye kibanda, na mteja wa viazi, mtu baki, ndiye aliyesema, "Lo, huyo binti!"

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ya kwanza ni mashine.

Tulipoambiwa umetuletea mashine ya kukimbilia, tulishukuru kabla ya kuelewa. Ilishushwa kwenye lori barabarani, ikapandishwa huku mlimani na wanaume wanne, mmoja mpaka leo analala kifudifudi. Uwanja huu hauna umeme. Tukaihifadhi sebuleni kwa Damari, ambako hadi juzi ilikuwa inaanikiwa nguo za mvua, na tukiri kwamba kwa kazi hiyo haina mpinzani. Mgeni rasmi, kwa heshima zote: sisi tuna mlima. Tuna barabara ya kwenda na ya kurudi. Mtu anayemletea mtu wa Iganzo mahali pa kukimbilia ni sawa na anayempelekea mtu wa Kyela mchele.

Lakini mashine ni mashine, tukasema tusionekane washamba. Wiki mbili zilizopita, kabla hamjafika, tulimwita Obeid, fundi umeme, aje aiwashe tupate la kusema leo. Ulituandikia kwamba ni kama mpya, haijatumika sana, kwa sababu mama "siku hizi hapendi mazoezi". Obeid akachomeka, kioo kikawaka, akabonyeza hapa na pale kama kawaida ya mafundi. Kisha akatuita. "Njooni muone, akina mama. Hii ina hesabu ya umbali wote tangu ianze kazi."

Ilikuwa imeandika kilomita elfu moja mia nne na kumi na mbili.

Tulidhani imeharibika. Obeid akasema hesabu hizo hazidanganyi. Ndipo Bupe, aliyekuwa akifuta vumbi, akaona chini ya kioo kuna plasta nyeupe zimebandikwa, za kufungia vidonda, na juu yake maandishi. Hatukuhitaji kuambiwa ni mwandiko wa nani, nusu yetu tulifundishwa kusoma kwa mwandiko ule. Mstari wa kwanza: Iringa, Ipogolo, Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole, Iganzo. Kila jina lina alama ya vema, kama daftari lililosahihishwa. Mstari wa pili, majina yale yale kwa kurudi, Iganzo mpaka Iringa. Wa tatu, kuja. Wa nne, kurudi. Vema, vema, vema.

Kutoka Iringa hadi hapa Mwalimu alihesabu kilomita mia tatu na thelathini. Pigeni hesabu wenyewe. Ile mashine ulimnunulia ukaiweka chumba cha kufulia ikitazama ukuta, ili akimbie asionekane na mtu, naye akakimbia kweli, watoto wakishalala mchana, siku baada ya siku. Wewe ulidhani yuko kwenye chumba cha kufulia. Yeye alikuwa Igawa. Alikuwa Chimala anatazama mpunga. Mwanamke wa miaka sitini na ushee alikimbia kwa miguu kutoka kwao hadi kwetu, akarudi, akaja tena, akarudi tena, bila wimbo na bila mtu wa kumwitikia.

Mstari wa tano unaanzia Iringa. Ipogolo ina vema. Ifunda ina vema. Mafinga, kilomita themanini kutoka Iringa, ina vema. Makambako haina.

Tulimuuliza Mwalimu kwa simu nini kilitokea baada ya Mafinga. Kwanza aliuliza plasta zake tumezionaje. Kisha akasema jirani wa ghorofa ya chini alilalamikia mtetemo, barua ya kurasa mbili, mashine ikapelekwa stoo.  Huo ni mwaka na nusu uliopita. Mwaka na nusu Mwalimu Paskalina amesimama porini, kilomita kumi na mbili kupita Mafinga, anasubiri kuruhusiwa kuendelea.

Changamoto ya pili ndiyo hii unayoiona kuliani kwako. Siku tisa zilizopita tulikwenda Songwe kumpokea na ngoma. Alitoka amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu, na Damari alipiga yowe ambalo hata wewe ulilisikia. Ukatuambia kwa kicheko, "Jamani, tulieni, kiti ni cha kupitia foleni tu!" Tukatulia. Lakini aliposimama tuliona kilichobaki. Unyayo wa kushoto hausikii moto wala baridi. Sukari imerudi kulekule ilikoanzia, kwa daktari na maneno mawili. Na wewe una kurasa kumi na moja za kutufundisha mazoezi ni maisha. Haya. Tufundishe.

MAOMBI

Risala nyingi huomba jezi, mipira, mabati na kisima. Mwenyekiti wa Mtaa alituomba tuombe kisima. Hatuombi kisima.

Hatukuchukii, Jackline. Tulikulea, na anayelea hapati nafasi ya kuchukia, anapata nafasi ya kusema. Tunajua huko kazi ni ngumu, walezi wa watoto ni ghali, na mwanamke mwenye watoto wawili kwenye mji wa watu wanaozungumza kwa barua anahitaji mama yake. Tungekuwa sisi pengine tungemwita mama vilevile. Ila tusingeyaita mapumziko.

Tiketi ya Mwalimu ni ya Jumanne. Ombi letu ni moja na ni dogo: muulize. Kwa siku tisa tumesikia ukimwambia mama kaa hapa, mama vaa miwani, mama usile hiki, mama tabasamu tupige picha. Hatujasikia ukimuuliza mama unataka nini. Muulize hapa mbele yetu, na umpe muda wa kujibu, maana amepoteza mazoea.

Akisema anabaki, mwache abaki. Chumba chake kwa Damari kimeshapakwa chokaa. Hao wajukuu walete likizo, ni wetu pia, tutawakimbiza mpaka wasahau kulia.

Akisema anarudi nawe, kwa sababu wajukuu anawapenda na hilo hatubishani nalo, basi rudi ukamtafute yule mzee mwenye kipara, umwombe ile fomu, umwambie mama alikuwa mzima. Jumanne na Alhamisi saa nne utajua mwenyewe watoto wanabaki na nani.

Mashine tunakurudishia. Siyo kwa kiburi, ingawa kiburi kipo. Plasta tumezibandua, ziko kwenye bahasha hii ambayo desturi inataka iwe na nakala ya risala. Usomee nyumbani.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, kwa desturi sasa ungepanda jukwaani kujibu. Tunaomba tubadilishe ratiba kidogo.

Mwalimu, vua hiyo miwani, jua la Iganzo halijawahi kukuumiza macho. Chini ya kiti chako kuna mfuko wa kaki. Ni raba zako, namba arobaini. Bupe ameziosha na kuzianika kila Jumamosi kwa miaka mitatu, na alikataa kabisa kuziazima hata kwa mkwewe. Damari anakuja sasa hivi na filimbi. Ulisema ashike, ameshika. Daktari ameturuhusu kutembea, si kukimbia, kwa hiyo leo klabu nzima itatembea. Tutaanza na hatua mia moja. Ukipiga filimbi, tunasimama kwenye mstari. Usipopiga, tunakaa chini hapa miguuni pako, na leo Tusilale haitakwenda popote, kwa mara ya kwanza tangu uianzishe.

Na wewe Jackline, kiti chako cha mgeni rasmi hakina mfuko chini yake. Huhitaji. Ibara yetu tumeshakusomea, na tulikuomba uishike: ukisikia wimbo, unajua pa kuingia.

Mungu aliyetupa mlima atupe na magoti. Awalinde walio mbali, awarejeshe waliosimama njiani, na amfikishe Makambako kila aliyekwama kupita Mafinga. Ndaga fijo, asanteni sana.

Ni sisi,
Klabu ya Jogging Tusilale, Iganzo.

Mwenyekiti: Damari.
Katibu: Sekela.
Mwanachama namba moja: hajasaini bado. Anafunga kamba za raba.